Filamu Niliyoijua Nusu

Hesabu yote ni dola mbili na kiti kimoja. Dola mbili nilizitoa kununua diski ya sinema, na hizo sizililii, maana mwenyewe alitaka tatu nikamshusha. Kilicho ghali ni kiti. Ni kiti cha mbele cha gari langu, upande wa abiria, ambacho kwa miaka minne na miezi miwili (nimehesabu, nikahesabu tena) kilikaliwa na mtu mmoja, Papa Riziki, siku tano kwa wiki, kutoka Oakdale tunakoishi, huku ughaibuni, hadi Eden Prairie tunakofanya kazi, na ambacho tangu Jumamosi moja ya Februari kinabeba mkebe wangu wa chakula peke yake. Aibu yenyewe naibeba mimi. Naandika kwa sababu hadithi imeshazunguka kwenye simu za watu na kila mmoja anaitia chumvi yake, wengine wanasema nililewa, na ningependa ijulikane kwamba sikulewa. Mlevi ana kisingizio. Mimi nilikuwa na akili zangu zote na maikrofoni ya kwaya mkononi.

Ilianza na mzee mmoja wa Kizungu. Kazi yangu ni kuhudumia wazee katika nyumba ya wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza, na kwenye ghorofa yangu alikuwepo mmoja aliyekata miti huko kaskazini ujana wake wote, viganja kama sepetu, ambaye alipenda sinema moja tu duniani. Ilikuwa sinema ya kauboi ya zamani, lakini si ya risasi nyingi. Ilihusu bonde lenye miti mikubwa isiyokumbatika, wakulima wadogo wanaoishi humo, na kampuni ya mbao iliyokuja na mashoka mkono mmoja na makaratasi mkono wa pili. Mchana akishakula ananiomba niiweke, nami namnyoa au namkata kucha huku jicho moja likiwa kwenye skrini. Na kila mara alisinzia mahali pale pale, magogo yanapoanza kuteremka mtoni kwa kishindo, saa moja na dakika kumi tangu mwanzo, nami nazima, namfunika miguu, naendelea na vyumba vingine. Niliitazama hivyo mara kumi na moja. Weka hesabu yako hapo: mara kumi na moja, na zote nusu ya kwanza.

Mwanawe alipokuja kumchukua wakaishi pamoja, yule mzee alipanga vitu vyake kitandani kama mtu wa mtumba, akaniambia sinema ni dola tatu. Nikasema moja. Tukakutana kwenye mbili, akaniita mwizi huku amefurahi. (Kazini hairuhusiwi kununua kitu kwa mtu unayemhudumia, hilo nalo liwekeni kwenye madhambi yangu.) Aliponikabidhi aliniuliza kama ule mwisho niliuelewa vizuri. Sasa, jibu la kweli lilikuwa rahisi na halikuwa na gharama yoyote. Nikamwambia nimeuelewa kabisa.

Papa Riziki alifanya kazi jengo hilo hilo, chini, kwenye chumba cha kufulia. Ni Mkongomani wa Kivu, mrefu, mwenye sharubu zilizonyooka kana kwamba zilipigwa rula, na jicho lake la kushoto haliko sawa kwa hiyo hana leseni, na Eden Prairie ni mahali ambapo mtu akionekana anatembea kando ya barabara, wenye magari hupunguza mwendo kumwangalia amepatwa na nini. Tulipokutana nilimtajia nusu ya mafuta kila wiki. Akanishusha hadi robo, akaongeza chupa ya chai ya tangawizi kila asubuhi, na hiyo ndiyo mara yangu ya kwanza kushindwa bei nikaondoka natabasamu. Tangu hapo yeye akaniita Papa Kui, kwa jina la binti yangu, na mimi nikamwita Papa Riziki kwa jina la binti yake, na hivyo ndivyo wanaume wawili wazima walivyozungumza miaka minne bila kutajana majina yao.

Januari ya mwaka huu, theluji ilimwagika asubuhi moja, lori likalala katikati ya barabara kuu mbele yetu, tukakaa pale saa mbili na injini imewashwa. Chai iliisha. Na chai ilipoisha akaanza kusema, akiangalia mbele tu, kana kwamba anamsomea mtu barua.

Akaniambia kwamba kwenye kilima chao, safari ya siku nzima kutoka Bukavu, yeye ndiye aliyekuwa anajua kusoma Kifaransa sawasawa, kwa hiyo barua zote na makaratasi yote ya watu yalipita kwake. Siku moja wakaja wanunuzi wa mbao. Walikuwa na karatasi ya kuuza msitu wa kilima kizima, iliyohitaji sahihi ya mtu mmoja anayesimama kwa niaba ya wote. Riziki wakati huo alikuwa na miaka minne na moyo wake ulikuwa mbovu, midomo inageuka bluu akikimbia hatua kumi. Papa Riziki akatia sahihi peke yake, bila kumwambia mtu, na siku ya tatu akampakia mtoto kwenda Bukavu kutibiwa. Miti ilipoanza kuanguka watu walimlaumu chifu. Jirani yao mmoja alikwenda kusimama mbele ya misumeno, akafungwa miezi saba, akarudi na kikohozi ambacho hakikumwacha mpaka kilipomzika. Kisha vita vikaja vikawafukuza wote, wa msitu na wasio wa msitu. Na mjane wa yule jirani, Mama Nsimire, leo anaishi Saint Paul, anasali nasi, na kila barua inayomfikia kutoka serikalini anamletea yule yule msomaji wake wa zamani.

“Analeta zote kwangu, Papa Kui,” alisema. “Mi nasoma zote.”

Nikauliza kama mama anajua. Akasema hapana. Akasema atamwambia mwenyewe, kwa kinywa chake, ila hajapata siku. “Uniachie nitafute siku.” Nikagonga usukani mara mbili kama mtu anayepiga mhuri, nikamwambia neno hilo limefia humu ndani ya gari. Magari ya mbele yakaanza kusogea.

Sasa mje kwenye ushirika wetu. Sisi Waswahili, yaani Wakongomani wengi na Wakenya wachache, tunaabudu kwenye chumba cha chini cha kanisa moja la Wazungu kule Inver Grove Heights, na majira ya baridi wazee wetu hufungiwa ndani miezi mitano wakitazama televisheni wasiyoielewa huku wajukuu wakiwajibu kwa Kiingereza. Mchungaji akaona tuwaandalie Jumamosi moja ya sinema. Masharti yake yalikuwa matatu: isiwe na uchi, isiwe na mashetani, na kubusiana kusizidi mara moja. Nikamwambia ninayo. Na kwa kuwa mdomo wangu ukishaanza haujui kusimama kwenye alama nyekundu, nikaongeza kwamba nitaitafsiri mimi mwenyewe, moja kwa moja, kama enzi za kibanda.

Kama hujakulia kwenye vibanda vya vidio, nikueleze. Nakuru, nikiwa kijana, nilisimama kando ya televisheni ya kibanda miaka mitatu nikiwatafsiria watu sinema ambazo mara nyingi na mimi nilikuwa naziona mara ya kwanza. Mtafsiri wa kibanda hatafsiri maneno, maneno ni ya watu walioenda chuo. Anatafsiri nyuso. Na anawapa wahusika majina ya watu waliomo humo ndani, huyu jambazi ni muuza mahindi, yule mrembo ni dada wa kinyozi, na aliyepewa jina anafurahi wiki nzima hata akipewa jina la maiti. Hiyo ndiyo desturi, na Bukavu nao wanayo, kwa hiyo habari ilipotangazwa wazee walifurahi kama watoto.

Mke wangu aliniuliza mara moja tu, Ijumaa, kama nimeiangalia ile sinema yote. Nikamjibu nimeiangalia mara kumi na moja. (Hesabu ilikuwa ya kweli. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba hesabu ya kweli inaweza kudanganya kuliko mtu.) Zilikuwa zimebaki dakika arobaini za sinema na nilikuwa na jioni nzima. Nikaona kuitazama ni kujivunjia heshima. Mtafsiri wa kibanda hatazami kwanza.

Jumamosi wakaja watu arobaini na watatu. Nikahesabu tena wakawa arobaini na wanne, kumbe kuna mtoto mgongoni. Papa Riziki alikuja kwa gari langu, akavua glavu zake njiani akaziacha pale mbele juu ya dashibodi, maana hita yangu inachoma upande wake. Riziki mwenyewe, binti wa miaka kumi na tisa sasa, mwanafunzi wa uuguzi, alikuwa anapitisha sinia la maandazi. Watoto walikaa chini, mbele kabisa, Kui wangu akiwa katikati yao. Mama Nsimire alikaa mstari wa tatu na kofia yake ya sufu.

Nikagawa majina. Kauboi mwenyewe, shujaa, nikamwita Mchungaji, na Mchungaji akakaa wima. Mwenye kampuni ya mbao, mtu mnene wa saa ya mnyororo, nikamwita Bwana Msumeno, sikutaka ugomvi na mtu. Kulikuwa na mjane mmoja mkali anayelinda shamba lake kwa bunduki ndefu kuliko yeye, huyo alikuwa Mama Nsimire bila kupigiwa kura, na mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi. Na kulikuwa na mtu mmoja wa sharubu, mpole, ambaye majirani wote wa bondeni wanamletea barua awasomee.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa sababu wengi wanaamini nilifanya kwa ujinga. Sikufanya kwa ujinga. Nilifanya kwa biashara. Nilijua rafiki yangu anatafuta siku ya kumwambia yule mama jambo zito, na mimi nikaona nimpandishe bei kwanza kabla hajajishusha. Nusu ya kwanza yote yule mtu wa sharubu ni malaika: anagawa mkate, anambeba mtoto wa watu begani, anasoma barua za habari mbaya kwa sauti ya pole. Nikasema kwenye maikrofoni, “Na huyu, ndugu zangu, mnamjua. Huyu ni Papa Riziki wetu.” Chumba kikapiga makofi. Papa Riziki akashika sharubu zake akainamisha kichwa kama bwana harusi. Nikawa naona mpaka Mama Nsimire anageuka kumtazama kwa macho mazuri, nikajiambia, bei inapanda.

Saa moja nzima nilikuwa mfalme. Nilitafsiri farasi. Nilitafsiri mvua. Kisha magogo yakaanza kuteremka mtoni kwa kishindo, saa moja na dakika kumi, na kwa mazoea mkono wangu ukatafuta rimoti nizime nikamfunike mtu miguu. Hapo sinema yangu ilikuwa imekwisha. Ya wengine ikaendelea.

Taa ya mafuta. Meza. Mtu wa sharubu amekaa peke yake na Bwana Msumeno, na kati yao kuna karatasi.

Nikaijua ile karatasi. Nikasema haraka kwamba Papa Riziki anamwandikia barua shangazi yake. Watu wakacheka. Bwana Msumeno akaweka mfuko wa pesa mezani, ukalia vizuri tu kama mifuko ya pesa inavyolia kwenye sinema. Nikasema shangazi ametuma zawadi. Wakacheka kidogo. Kamera ikasogea karibu na kalamu, karibu kabisa, na mkono ukaanza kuandika, na nikasema anaandika salamu kwa ukoo mzima mmoja mmoja, na hapo ndipo binti yangu mwenyewe, niliyemlipia masomo ya piano, akageuka nyuma na kuwaambia wazee wote kwa Kiingereza safi kwamba baba anadanganya, yule mtu ameuza bonde, ameuza mashamba ya watu wote na hawajui. Watoto wengine wakaunga mkono. Mmoja akawatafsiria bibi zake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akatumia Kiswahili, tena kizuri.

Nikamtazama Papa Riziki. Mkono wake ulikuwa umeshuka kutoka kwenye sharubu na umelala mapajani, umegeuka juu, kama wa mtu anayesubiri kuwekewa kitu.

Mpaka hapo bado ilikuwa sinema. Naomba muelewe hivyo, maana mimi nimeligeuza jambo hili pande zote. Mstari wa tatu walikuwa wameacha kucheka, wale wa kilima kile, na walikuwa wanatazama chini, kwa sababu kila kilima kina minong’ono yake. Lakini mnong’ono si kitu, unakufa. Ningenyamaza, ungekufa. Ningesema, jamani, sehemu hii siijui, ninywe chai kwanza. Lakini niliona rafiki yangu anapoteza bei mbele ya watu, na mimi mtu akishusha bei ya kitu changu naanza kukitetea kabla sijafikiri. Nikasogeza maikrofoni karibu na mdomo.

“Ndugu zangu, tusimhukumu,” nilisema. “Mtoto wake moyo ulikuwa mbovu, midomo inageuka bluu akikimbia hatua kumi. Bila ile karatasi, angemfikisha Bukavu na nini?”

Hakuna kauboi hata mmoja aliyewahi kumpeleka mtoto Bukavu.

Nililisikia neno langu likitoka kwenye spika mbili za ukutani, likaenda mpaka nyuma, likarudi. Riziki alikuwa amesimama kati ya mistari. Aliliweka sinia chini, sakafuni, polepole, na mkono wake ukaenda kifuani palipo na kovu lake la upasuaji, na akamtazama baba yake kama anayesoma kitu kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Nikabonyeza rimoti nizime. Haikuzima, ikasimamisha. Uso wa yule mtu ukaganda ukutani, mkubwa kama mlango, na kalamu, na sharubu.

Mama Nsimire akasimama. Hakunitazama mimi wala ukuta.

“Papa Riziki,” alisema. “Ile karatasi ya kwetu. Ni wewe?”

Na yeye akasimama. Akavua kofia.

“Ni mimi, mama. Ni mimi njo nilitia sahihi.”

“Haya,” alisema Mama Nsimire, akaketi.

Papa Riziki alitoka kwa mlango wa pembeni bila koti, na Riziki akachukua koti akamfuata. Mchungaji, ambaye dakika chache kabla alikuwa kauboi, akaona hakuna njia nyingine ila tuombe, tukasimama tukafumba macho, na maombi ya Mchungaji wetu hayajawahi kuwa mafupi, na ile mashine ya diski, ambayo ningeijua tabia yake kama ningekuwa mtu wa kujaribu vitu mapema, ukiisimamisha muda ikichoka huendelea yenyewe. Katikati ya kuombea amani, mjane wa kwenye sinema akampiga risasi mtu wa sharubu ikamng’oa kofia. Spika mbili. Wazee walioona bunduki za kweli wakalala chini ya viti. Watoto wakashangilia. Mimi nikachomoa waya ukutani, kitu ambacho ningekifanya dakika kumi kabla kingeokoa kila kitu, na nikabaki nimeushika waya mkononi mbele ya watu arobaini na wawili.

Kwenye gari, tulipokaribia nyumbani, mke wangu alinigeukia.

“Ungesema tu hujui mwisho,” alisema. “Nani angekucheka?”

Jumatatu nilisimama chini ya nyumba yao saa ile ile, nikawasha hita upande wake. Dakika kumi, nikazihesabu. Riziki akashuka akiwa amevaa ndala kwenye theluji, akaniambia kwa heshima, na heshima yake iliniuma zaidi, kwamba baba ameshaondoka. Amepanda basi. Kutoka Oakdale hadi Eden Prairie kwa basi ni kubadilisha mara mbili na kumalizia kwa miguu, na kwa saa zile maana yake aliamka wakati mimi bado nakoroma. Nikamwuliza kama amevaa glavu. Akasema amevaa soksi mikononi.

Glavu zilikuwa juu ya dashibodi yangu.

Nilimfuata chumba cha kufulia wakati wa mapumziko. Alikuwa anakunja mashuka makubwa peke yake, kazi ambayo hufanywa na watu wawili, ameshika pembe moja kwa kidevu. Nikaokota ncha ya pili. Hakunikataza. Tukakunja mashuka sita, tunakutana katikati, anachukua, tunaachana. Nikaomba msamaha, nikajieleza, nikamwambia kwamba nilitaka kumjenga. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama anavyoisoma barua kabla ya kuijibu.

“Mi sikasirike kwa neno,” alisema. “Neno ni la kweli. Ningelisema mimi mwenyewe. Lakini ile siku, Papa Kui, ile siku ilikuwa yangu. Njo hiyo umeikamata.”

Nikanyoosha mkono kuchukua shuka la mwisho. Akasema shuka lililobaki atalikunja mwenyewe.

Kwa hiyo nikaenda kwa Mama Nsimire, Saint Paul, na kilo mbili za mchele na maneno niliyoyapanga njiani. Nikamwambia kwamba rafiki yangu alikuwa amekusudia kumwambia, kwamba alikuwa anatafuta siku tu, kwamba mimi ni shahidi. Alinipa kiti, akanipa chai. Kisha akaniambia kwamba alikuwa anajua. Alijua hata kabla ya miaka tisa ya kambi ya wakimbizi: mmoja wa wale wanunuzi wa mbao alimwonyesha mumewe ile sahihi alipokuwa kifungoni, na mumewe alimwambia kabla hajafa. Miaka yote hiyo, kila barua ya serikali aliyompelekea Papa Riziki (nyingine alikuwa ameshasomewa na jirani), aliipeleka ili wakae mezani wawili, karatasi katikati, aone kama leo atasema.

“Nilikuwa nangoja aseme mwenyewe,” alisema. “Karibu angesema. Nilikuwa namwona koo linapanda. Sasa, baba, sitajua.”

Nikamwambia mimi najua, angesema.

“Hayo ni maneno yako,” alisema. “Ya kwako tumesikia kwa maikrofoni.”

Akanirudishia mchele.

Nimeitazama ile sinema yote sasa, nikiwa peke yangu, diski ya dola mbili. Kwenye dakika ya mwisho kabisa yule mtu wa sharubu anapanda mwenyewe hadi mlangoni kwa yule mjane, kofia yake ina tundu la risasi, anaivua, anafungua mdomo aanze kusema, na hapo maandishi yanatokea, imekwisha. Ningeinyamazia tu, ingefika pale, mbele ya wale wawili walioketi mistari miwili tofauti. Na huenda mmoja wao angemtazama mwenzake. Yule mzee aliniuliza kama nimeuelewa mwisho.

Nimeweka nadhiri ndogo, maana kubwa sina uwezo nazo: sitasema tena kwamba ninajua kitu ambacho nimekiona nusu, hata kama nusu hiyo nimeiona mara kumi na moja. Maikrofoni nimeirudisha kwa kwaya. Wanasema barua za Mama Nsimire sasa zinasomwa na Riziki, na kwamba baba yake Jumapili hukaa mstari wa nyuma, karibu na mlango, na kwamba wiki iliyopita Mama Nsimire alitoka mstari wa tatu akaenda kukaa mstari ule ule wa nyuma, si kando yake, viti vitatu kutoka kwake. Wengine wanasema viwili. Sikuwepo, kwa aibu bado sijarudi kanisani, na mimi kitu kama hicho ningekihesabu.

Lililobaki ni glavu. Ni nyeusi, za ngozi ya bandia, ya kulia imeshonwa kidole gumba kwa uzi wa kahawia. Bado ziko juu ya dashibodi, upande wake. Nikimpelekea sasa, Aprili imeingia na theluji inayeyuka, atazipokea, atasema asante, na hatutakuwa tena na kitu cha mmoja kilicho kwa mwenzake. Nisipompelekea, mpaka Novemba ni miezi saba, nimehesabu mara mbili, na kwa miezi saba mtu anaweza kununua glavu nyingine. Nyinyi mliowahi kuharibu na mkapata njia ya kurudi, naomba mniambie: nizipeleke leo, au ningoje baridi?